UNATAKA KUTUNGA LUGHA NDUGU YA KIINGEREZA NA KIJERUMANI? ANZIA KWENYE ASILI YA MANENO

Leo naomba tuweke pembeni siasa na bei ya mafuta, tuongee kitu kingine kabisa. Kama si mpenzi wa mambo ya lugha vumilia kidogo, mbele kuna mambo ya sumu na ndoa.

Juzi juzi nilikuwa intaneti kafe moja nasubiri karatasi zangu zitoke kwenye printa (iliyokuwa inatoa ukurasa mmoja kila baada ya dakika tano, lakini hayo tuyaache). Jirani yangu kakaa dogo mmoja, umri wa kidato cha sita hivi, ana daftari kubwa mbele yake. Anasoma kwenye skrini, anaandika, anasoma, anaandika. Nikachungulia. Badala ya kukasirika akafurahi kupata mtu.

"Kaka, hivi unajua watu wa Aisilandi simu wanaiitaje?"

Nikamwambia sijui.

"Wanaiita sími! Yaani simu hii hii yetu. Walichukua kwetu hao, lazima mabaharia waliwapelekea."

Kumbe dogo anaandika hadithi ndefu. Kuna kisiwa cha kubuni huko kaskazini mwa Ulaya, baridi kali, na wakazi wake anataka wawe na lugha yao wenyewe. Lugha hiyo iwe ndugu ya Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi, lakini isiwe yoyote kati ya hizo. Ukoo huo wataalamu wanauita Kigermaniki. Alishatunga maneno kama mia tatu, na njia yake ilikuwa rahisi sana: anachukua neno la Kiingereza, anakata mkia, anabandika herufi yenye vinukta viwili juu, basi, limekuwa neno la kisiwani.

Nilimwambia ukweli na najua ulimuuma. Maneno karibu yote yale yalikuwa ya kutupa. Halafu tukakaa saa mbili nzima tukianza upya, na mhudumu hakutusamehe hata dakika moja. Haya hapa chini ndiyo tuliyoyaongea, kwa sababu naamini wako wengine wenye madaftari kama lile.

Tuanze na hiyo simu. Ni kweli Waaisilandi wanasema sími. Lakini neno lao linatoka kwenye neno la zamani la Waskandinavia lililokuwa na maana ya uzi au kamba. Simu ilipofika kwao walilifufua neno hilo la kale wakaipa, kwa vile simu za wakati ule zilikuwa za waya. Simu yetu sisi imetoka Kiajemi, sīm, ambayo maana yake ni waya. Kwa hiyo watu wawili, mmoja pwani ya Afrika Mashariki na mwingine kwenye barafu, kila mmoja kaangalia ule waya kaupa chombo jina la waya, na maneno yakafanana kwa bahati tu. Hakuna aliyechukua kwa mwenzake.

Dogo aliduwaa. Mimi pia nilipolisoma mara ya kwanza niliduwaa.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Kufanana kwa sura si undugu. Wewe mwenyewe umeshaona mtaani watu wawili wanafanana kama mapacha na hawana hata babu wa mbali mmoja. Undugu wa maneno unapimwa kwa kitu kingine: je, sauti zinatofautiana kwa mpangilio ule ule kila mara?

Kwa mfano, weka Kiswahili na Kikuyu pamoja. Sisi tunasema panda (mbegu), Wakikuyu wanasema handa. Sisi paka (rangi, mafuta), wao haka. Sisi pona, wao hona. Unaona mchezo? Kwenye p yetu wao wana h, na si mara moja, ni safu nzima. Sura hazifanani sana, lakini tofauti yenyewe ina nidhamu. Tofauti yenye nidhamu ndiyo inayoonyesha kwamba lugha hizi zina babu mmoja.

Ukoo wa Kigermaniki nao umepitia jambo la aina hiyo. Zamani sana, kabla ya Kristo, sauti kadhaa zilihama. Kilatini kinasema pater (baba), Kiingereza father, Kijerumani Vater, na hiyo V wanaitamka f. Kilatini piscis (samaki), Kiingereza fish, Kijerumani Fisch. Kilatini cornu (pembe), Kiingereza na Kijerumani horn. P ikawa f, k ikawa h, t ikawa th, kama kwenye tres ya Kilatini na three ya Kiingereza. Mtaalamu wa Denmark aliyeitwa Rasmus Rask alishaliona hilo kwenye kazi yake ya 1818, na Jacob Grimm akalipanga kama kanuni mwaka 1822. Ndiyo, ni Grimm yule yule wa hadithi za watoto, yeye na mdogo wake.

Kanuni hiyo inakuokoa na mitego. Kijerumani kusema "kuwa na" ni haben. Kilatini ni habere. Maana moja, sura karibu moja. Mtu yeyote angesema hawa ni ndugu wa damu. Wala! Tumeshaona kwamba h ya Kigermaniki inalingana na c ya Kilatini, siyo na h. Ndugu halisi wa haben ni capere, yaani kushika, kukamata. Dogo alikuwa ameshaandika kwenye daftari kwamba watu wake walichukua neno hilo kwa Warumi. Akachora mstari.

Baadaye tena sana, kusini mwa nchi za Wajerumani, sauti zikahama mara ya pili, na hii ndiyo inayofanya Kijerumani kionekane tofauti na ndugu zake. Kiingereza ten, Kiholanzi tien, Kiswidi tio, lakini Kijerumani zehn (z yao inatamkwa ts). Tooth, tand, tand, halafu Zahn. Katikati ya neno t ikawa ss: water ya Kiingereza na Kiholanzi ni Wasser. P ikawa pf au f: apple ni Apfel, ship ni Schiff. K ikawa ch: make ni machen, book ni Buch.

Sasa mtunzi anafanyaje? Anaweka maneno ya ndugu wote kwenye mstari mmoja, anarudi nyuma mpaka kwa babu, halafu anashuka tena kwa njia yake mwenyewe. Chukua jiwe. Kiingereza stone, Kiholanzi steen, Kijerumani Stein, Kiswidi sten, Kiaisilandi steinn. Wataalamu wanakisia babu yao alikuwa *stainaz. Ile nyota mbele ya neno ina maana yake, msiipite: inasema hakuna mtu aliyewahi kulikuta neno hili limeandikwa popote, limejengwa kwa hesabu. Lakini hesabu yenyewe si ya kubahatisha. Kigothi, lugha iliyokufa ya ukoo huu, kina stains, na hiyo imeandikwa kabisa, kwa sababu askofu Wulfila alitafsiri Biblia kwa Kigothi karne ya nne. Nakala mashuhuri ya tafsiri hiyo, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu, iko Uppsala, Uswidi.

Ukishampata babu, unaamua sheria za kisiwa chako. Dogo aliamua kwamba kwao ile "ai" ya zamani iwe "aa". Sawa. Kwa hiyo jiwe ni staan. Lakini hapo hapo sheria inamshika: mfupa, ambao babu yake ni *bainą, lazima uwe baan, na nyumbani, *haimaz, lazima iwe haam. Hana ruhusa ya kusema hili nimelipenda hivi na lile vile. Akaandika maneno kumi na mbili kwa dakika tano, na kwa mara ya kwanza daftari lile likaanza kusikika kama lugha. Hata yeye alilisikia, akawa anayasoma kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Halafu likaja tatizo ambalo sheria za sauti haziwezi kulitatua. Hiyo baan maana yake nini?

Kiingereza bone ni mfupa. Kijerumani Bein ni mguu! Kiholanzi been na Kiswidi ben zinabeba yote mawili, mguu na mfupa. Kijerumani chenyewe zamani kilikuwa na maana ya mfupa, na mpaka leo imejificha kwenye neno Elfenbein, pembe za ndovu, ambalo ukilifungua ni mfupa wa tembo. Sasa mtu wa kisiwani akivunjika baan, kavunjika wapi?

Asili ya neno inakupa sura tu. Maana inatembea yenyewe, na inatembea kwa miguu ya watu. Tazama neno *tūną. Kwa babu lilikuwa uzio, kitu cha kuzungushia. Wajerumani wamebaki na uzio wao, Zaun. Waholanzi wakahamia kwenye kile kilichozungushiwa, tuin, bustani. Waaisilandi wana tún, shamba la majani linalozunguka nyumba. Waingereza wakaenda mbali zaidi, town, mji mzima. Ukiambiwa hivyo unaweza kudhani ni maajabu, lakini sisi tuna boma. Boma ni uzio, boma ni ngome, boma likawa ofisi ya serikali enzi za Wajerumani, na leo mtu akikwambia wamefunga ndoa ya bomani hafikirii miiba wala miti. Uzio umekuwa cheti cha ndoa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ndoa: gift. Kiingereza ni zawadi. Kijerumani Gift ni sumu. Ndiyo, sumu ya kuua. Neno linatokana na kutoa, kumpa mtu kitu, na kwa Wajerumani kitu unachompa mtu kikaja kuwa kile anachokunywa akafa. Maana ya zawadi imebaki kwenye Mitgift, mali anayokwenda nayo bibi harusi. Kwa Kiswidi, gift ni sumu na pia gift ni mtu aliyeoa au aliyeolewa. Waswidi wenyewe wanautania sana huo mkanganyiko, nanyi naona mmeshaanza kucheka. Msijisahau lakini, mtunzi wa lugha hapo ana kazi. Akiliweka neno hilo kisiwani, analiweka kwa maana ipi? Ushauri wangu kwa dogo ulikuwa asitafute jibu kwenye kamusi. Aulize watu wake wa kubuni wameishije.

Hapo ndipo tulipogombana kidogo.

Dogo anataka lugha safi. Hataki Kilatini, hataki Kifaransa, hataki Kigiriki. "Kaka, nataka Kigermaniki tupu." Si yeye wa kwanza. Mchungaji na mshairi wa Dorset, Uingereza, William Barnes (1801 mpaka 1886), alihangaika na jambo hilo hilo miaka mingi. Alichukia maneno ya Kilatini na Kifaransa yaliyomiminika kwenye Kiingereza, hasa baada ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066. Sarufi yeye aliiita speech-craft, ufundi wa kusema, na mwaka 1878 akatoa kitabu kizima chenye neno hilo kwenye jina lake. Basi la abiria alitaka liitwe folkwain, gari la watu. Waingereza walimsikiliza kwa adabu wakaendelea kupanda omnibus zao. Mwaka 1966, ilipotimia miaka 900 tangu uvamizi, mwandishi Paul Jennings akaandika kwenye gazeti la vichekesho la Punch kwa Kiingereza cha namna hiyo na kukiita Anglish, na jina limeshika mpaka leo. Mwaka 1989 Poul Anderson, mtunzi wa hadithi za kisayansi, aliandika makala nzima ya nadharia ya atomu bila maneno ya Kilatini wala Kigiriki. Haidrojeni kwake ni waterstuff, kitu cha maji, na usidhani alibuni hewani, maana Wajerumani kila siku wanasema Wasserstoff na Waholanzi waterstof.

Kwa hiyo usafi unawezekana. Swali langu kwa dogo lilikuwa: kwa nini watu wako wawe safi?

Nikamwambia afikirie Kiswahili. Toa Kiarabu, umepoteza sita, saba na tisa, na kitabu cha kuandikia. Toa Kireno, meza imeondoka. Toa Kiajemi, simu na dirisha kwaheri. Toa Kijerumani, hatuna shule, maana shule ni Schule yao, waliyotuachia pamoja na maboma. Na Schule yenyewe Wajerumani waliichukua kwenye Kilatini, schola, nao Walatini waliitoa kwa Wagiriki. Yaani neno unalodhani ni la Kijerumani ni mpita njia aliyekaa kwao muda mrefu.

Tena wapita njia hawa wana faida kubwa kwa mtu anayetunga lugha, kwa sababu sauti zinakwambia waliingia lini. Barabara kwa Kijerumani ni Straße, kutoka Kilatini strata. Ile t ya mwisho imegeuka kuwa ss, sawasawa na ya Wasser. Ina maana neno liliingia kabla ya sauti kuhama mara ya pili, likahama pamoja na wenyeji. Pilipili ni Pfeffer, kutoka Kilatini piper, na p zote mbili zimehama. Na kwa taarifa yenu, piper ilikuja kupitia Wagiriki kutoka India, na pilipili yetu nayo asili yake ni huko huko India, ila imepita njia ya Waajemi na Waarabu. Kwa hiyo pilipili na Pfeffer ni jamaa kweli, ingawa hawafanani, wakati simu na sími wanafanana na si jamaa. Dogo alicheka kwa uchungu.

Akanijibu lakini, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko swali langu. "Kisiwa changu Warumi hawakufika."

Sawa kabisa! Hiyo ni historia, na historia ndiyo inayoamua maneno. Kama Warumi hawakufika, Straße haipo, watu wanaita barabara kwa jina lao. Lakini wamisionari je? Kanisa kwa Kiingereza ni church, Kiholanzi kerk, Kijerumani Kirche, Kiaisilandi kirkja, na neno hilo asili yake ni Kigiriki. Lilifika mpaka Aisilandi, ambako Warumi hawakuweka utawala hata siku moja. Wafanyabiashara je? Pilipili haioti kwenye barafu, kwa hiyo anayekuletea pilipili anakuletea na jina lake, na Waaisilandi wanasema pipar. Ukisema lugha haina neno lolote la kigeni, umesema hakuna mtu aliyewahi kutia nanga hapo. Inawezekana, lakini iandike kwenye hadithi, msomaji aone upweke wao. Dogo alikaa kimya, halafu akaandika kwa herufi kubwa: NANI ALIFIKA? LINI? Mimi naona ukurasa huo una thamani kuliko maneno yake mia tatu ya mwanzo.

Kuna njia nyingine ya kuamua, kupiga kura. Tangu mwaka 1995 kuna watu wamekuwa wakijenga lugha inaitwa Folkspraak, iwe ya kueleweka na wasemaji wote wa lugha za Kigermaniki bila kusomea sana. Wazo lao ni kwamba neno linaloonekana kwenye lugha nyingi za ukoo ndilo linachukuliwa. Safi sana kwenye maji na jiwe. Kwenye tatu mambo yanagoma. Sauti ya zamani ni th, na Waingereza na Waaisilandi wanayo mpaka leo. Waholanzi na Wajerumani wana d, drie na drei. Waswidi, Wadenmaki na Wanorwei wana t, tre. Ukifuata babu unachukua th, ambayo wengi hawawezi kuitamka. Ukifuata wingi, unahesabu nchi au unahesabu vichwa? Folkspraak haijapata sura moja inayokubalika na wote, imegawanyika kuwa lahaja za watu tofauti, kila mmoja na orodha yake. Kwa mtu anayeandika hadithi peke yake, kama dogo, hilo halimhusu sana. Yeye ndiye bunge na ndiye spika.

Yuko mmoja aliyefanya kazi hiyo peke yake na dunia nzima ikamjua, J.R.R. Tolkien. Kabla hajawa maarufu, mwaka 1919 na 1920, alikuwa anafanya kazi kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akichimba asili ya maneno yanayoanza na W. Na ujanani alipenda Kigothi mpaka akawa anajitungia maneno ya kujazia yale yasiyosalia kwenye maandishi. Waliotazama filamu za Lord of the Rings wanamkumbuka mfalme Théoden. Hilo si jina la kubuni, ni neno la Kiingereza cha kale la mtawala, na limetoka kwenye þeod, watu, taifa. Ile herufi ya kwanza ni th yao ya zamani. Mzizi huo huo ndio umezaa Deutsch, jina la Wajerumani wenyewe, maana yake "ya watu". Mnaona wanavyotufuata? Mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek alitoa kitabu cha kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika, na ndiye aliyezipa jina Bantu, yaani watu. Mwenzake Carl Meinhof mwaka 1899 akachukua ujuzi wa aina ile ya Grimm, akaanza kukokotoa babu wa sauti za Kibantu, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo ile panda na handa ya mwanzo haikuwa mfano wangu wa kuchekesha tu, ni kazi ile ile kwenye ukoo mwingine.

Bado maneno mapya. Kisiwa cha dogo kina umeme na kompyuta, na *stainaz haikusaidii hapo. Waaisilandi ndio mabingwa. Umeme wanauita rafmagn, nguvu ya kaharabu, kwa sababu kaharabu ukiisugua inavuta vitu vyepesi. Kompyuta ni tölva, neno lililotungwa miaka ya 1960 na profesa Sigurður Nordal kwa kuunganisha tala, tarakimu, na völva, mwanamke mtabiri wa zamani. Mtabiri wa tarakimu! Na sisi? Wapo waliotunga tarakilishi, kutoka tarakimu na akili. Njia ni ile ile, hata tarakimu iko pale pale. Ila wao wanaitumia tölva nyumbani na kazini, na sisi, tuseme ukweli, wengi tunasema kompyuta, tarakilishi unaisikia zaidi kwa walimu wa Kiswahili, hasa Kenya. Neno zuri peke yake halitoshi, lazima watu walitie mdomoni. Ikulu ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma la makazi ya mtemi, likapewa nyumba ya rais, na leo hakuna anayejiuliza.

Muda ukawa umeisha, mhudumu anatuangalia. Neno la mwisho tulilobishania ni dirisha, na hatukulimaliza. Wajerumani wanasema Fenster na Waswidi fönster, yote ni Kilatini, fenestra. Kisiwa cha dogo Warumi hawakufika, kwa hiyo Fenster hapana, labda aje mfanyabiashara Mjerumani aliyebeba vioo. Waskandinavia wa kale walisema vindauga, jicho la upepo, na hiyo ndiyo window ya Waingereza. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na ēagþyrel, tundu la jicho. Wagothi waliita augadauro, mlango wa jicho. Mimi ningechukua jicho la upepo kwa macho yaliyofumba, kwa vile kule kwenye baridi upepo ndio adui. Dogo anasema hapana, watu wake ni wavuvi, dirisha kwao ni la kumwangalia mtu aliye baharini, kwa hiyo anataka jicho la bahari, na tayari ana babu wa jicho, *augô, na babu wa bahari, *saiwiz. Nikamkumbusha sheria yake mwenyewe, kwamba ai inakuwa aa. Akapiga hesabu pembeni ya daftari, akafuta, akapiga tena.

Wadau, nyie mngechukua lipi? Na kama kuna Mchaga, Mhaya, Mkamba au yeyote anayejua kwao dirisha linaitwaje bila kuazima, atudondoshee hapo chini, dogo nimempa anwani ya ukurasa huu na amesema atapita.